Koti la Bwana Mifugo

Gari la matangazo lilipita mitaa ya Nyasubi Jumatano jioni, wakati Selestine Maganga ndiyo kwanza ametoka kuoga kwa sabuni na ndimu mbili, kama alivyofanya kila siku, na kuketi kwenye mkeka kula.

"Wakazi wa Kahama! Jumamosi hii shamba la maziwa la Mama Mwigulu linafungua geti kwa familia zote! Njoo uone ng'ombe wakikamuliwa! Njoo uone gesi ya kupikia inavyotoka kwenye samadi! Kiingilio bure! Kila mtoto puto moja na kikombe cha mtindi!"

Tonge lilimkwama Selestine kooni. Mkewe, Paskalina, aliyekuwa akikunja vitenge vyake vya biashara mlangoni, alimgeukia macho yakimeremeta.

"Baba Hosiana! Si kwako huko?"

"Ni kwetu, ndiyo," alisema Selestine baada ya kumeza maji. "Ila hilo tangazo ni la watu baki. Sisi wa ndani haturuhusiwi."

"Wamesema familia zote."

"Halafu kuna dume pale, kali sana. Halitaki kuona nguo nyekundu."

"Nitavaa ya kijani."

"Kijani ndiyo kabisa."

Lakini nani angemsikiliza? Binti zao wawili, Hosiana wa miaka kumi na Salome wa miaka mitano, walikuwa tayari wanazunguka uani wakiimba "Mtindi! Puto! Mtindi! Puto!" na kuku wa jirani wanakimbia huku na huko. Paskalina akatoa simu na kumpigia mama yake aliyeko Mhunze, kwa sauti ambayo Mhunze yenyewe ingeisikia hata bila simu.

"Mayu, njoo! Jumamosi mkweo atatutembeza kwenye ng'ombe anaowasimamia! Ndiyo! Wote! Njoo uone kwa macho yako!"

Selestine alisukuma sahani. Ilikuwa miezi minane sasa. Alirudi kutoka machimboni upande wa Geita baada ya duara lao la kuchimbia dhahabu kujaa maji, hana kitu mkononi isipokuwa tochi ya kichwani. Wiki iliyofuata akapata kazi kwa Mama Mwigulu. Jioni ile alipofika nyumbani kuleta habari, alimkuta mama mkwe ameketi sebuleni na majirani wawili, na mama mkwe akauliza mbele ya wote, "Umepata kazi gani, baba?" Selestine alifungua mdomo aseme kweli. Kilichotoka kilikuwa, "Msimamizi wa ng'ombe, mama." Majirani wakapiga makofi. Paskalina akamwangalia kwa namna ambayo hakuwa amemwangalia tangu mwaka wa harusi yao. Baada ya hapo angewezaje kusema kwamba kazi yenyewe ni kuzoa mavi?

*

Ijumaa asubuhi, akiwa katikati ya zizi, amevaa buti za kufika magotini na sepetu mkononi, alimwendea Deusdedit, bwana mifugo wa shamba, ambaye ndiye hasa aliyekuwa msimamizi wa ng'ombe.

"Kaka, naomba koti lako jeupe. Kesho tu. Nusu siku."

"Koti langu? La nini?"

Selestine akamweleza. Aliposema "mama mkwe," Deusdedit alianza kutabasamu. Aliposema "kutoka Mhunze," akashika nguzo. Aliposema "niliwaambia mimi ndiye wewe," akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Miezi minane umekuwa mimi! Na mimi nilikuwa nani?"

"Sikuwahi kukutaja."

"Basi sawa. Kesho mimi nitakuwa getini nimevaa tai, napokea wageni, koti sitalihitaji. Ila sikiliza, Selestine. Koti hilo ni jipya. Mama Mwigulu ameninunulia kwa ajili ya siku hii. Likipata hata doa moja, utanioshea pikipiki mpaka Pasaka."

"Halitapata."

Juliana, mkamuaji aliyekuwa nyuma ya ng'ombe wa karibu, alikuwa amesikia kila neno. Kufikia saa nne shamba zima lilijua, na kwa kuwa Selestine alikuwa mtu anayependwa, waliapa kumsaidia. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana walimsaidia kupita kiasi.

*

Jumamosi wageni walibebwa kutoka barabara kuu kwa tela la trekta, wamekaa kwenye mabenchi, watoto wanapiga kelele kila tairi lilipoingia shimoni. Paskalina alivaa kitenge cha kijani na kilemba kirefu. Mama yake, Nyamizi, mjane mwembamba aliyekuwa amefuga maisha yake yote, aliketi wima kama anakwenda kanisani.

Selestine aliwasubiri kando ya zizi. Koti jeupe lilimbana kidogo mabegani, na kwenye mfuko wa kifua alikuwa amechomeka kalamu tatu.

"Shikamoo, mama," alisema, akiinamisha kichwa na kusimama mbali kidogo, kama ipasavyo kwa mama mkwe.

"Marahaba, baba," alisema Nyamizi, akiangalia pembeni kwa adabu ileile, ingawa jicho moja lilikuwa linahesabu kalamu.

"Shikamoo, Mkuu!" Juliana alipita na ndoo ya maziwa akapiga goti.

"Marahaba," alisema Selestine.

"Mkuu, tuwape ng'ombe maji au tusubiri amri yako?" mwingine aliuliza.

"Wapeni."

"Mkuu, upepo ni mkali. Tufanyeje?"

Selestine alimkazia macho. "Uacheni."

Paskalina alikuwa ameshika kilemba chake kwa furaha. Hakuwahi kujua kwamba mume wake ni mtu wa kuombwa ruhusa ya upepo. Hosiana, ambaye shuleni alikuwa akiwaambia wenzake habari za baba yake na hawamwamini, alitazama kulia na kushoto akitafuta kama kuna hata mmoja wao aliyekuja.

Wakaanza kutembea. Na hapa lazima isemwe kwamba Selestine aliwatembeza vizuri kuliko ambavyo Deusdedit angeweza. Alimjua kila ng'ombe. Huyu anaogopa ndala. Huyu hali mpaka akunwe shingoni. Yule wa mwisho juzi aliumwa tumbo, akaanza kupona jana asubuhi. Ng'ombe walinyoosha shingo kupitia mbao na kumlamba mikono, mikono ya koti ikarudi nyuma, naye akaivuta upesi kuilinda isipate mate.

"Huyu atazaa lini?" aliuliza Nyamizi, akionyesha mtamba mweusi.

"Wiki mbili, mama. Labda siku kumi."

Nyamizi alimtazama mtamba yule nyuma, akamtazama ubavuni. "Siku kumi," alikubali. Kisha akatazama chini, sakafu ya zege iliyosuguliwa mpaka ikaonyesha kivuli cha mtu. "Na hapa anazoa nani?"

Selestine alipanga upya kalamu zake mfukoni. "Kuna... kuna mtu mmoja."

"Mwite."

"Wa nini, mama?"

"Nimshukuru. Mimi nimezoa zizi tangu nikiwa mdogo kuliko huyu Salome. Ng'ombe sitini wamelala hapa na hakuna hata inzi wa kunigusa pua. Mtu huyu ana adabu. Mwite nimwone."

"Leo hayupo, mama. Ana ruhusa."

"Basi umwongezee mshahara," alisema Nyamizi. "Wewe si ndiye mkubwa wake?"

"Nitalifikiria," alisema Selestine, na nyuma ya nguzo Juliana alilazimika kuweka ndoo chini.

*

Saa sita Mama Mwigulu, mwenye shamba, mwanamke mnene mchangamfu aliyependa kipaza sauti kuliko chakula, alitangaza kwamba sasa wageni wote waelekee kwenye shimo la samadi waone gesi inakotoka. Selestine alishtuka. Mahali pekee ambapo koti halingemsaidia palikuwa hapo.

"Sisi twendeni kwenye ndama," alisema haraka. "Ndama ni wazuri zaidi."

"Gesi itoke kwenye mavi halafu nisione?" alisema Paskalina. "Nitawaambia nini sokoni?"

Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Shimo lenyewe lilikuwa na ukubwa wa darasa, limezungushiwa uzio wa waya, na siku hiyo mlango wa uzio ulikuwa umefunguliwa ili wageni waone vizuri. Samadi ilikuwa imekauka juu, ikafanya ngozi ya kahawia yenye vijani vilivyoanza kuota. Mgeni angeapa kwamba ni ardhi.

Upepo ule uliokuwa mkali ulichukua puto la Salome. Puto lilikuwa jekundu. Lilipita juu ya vichwa vya watu, likatua polepole katikati ya ile ardhi ya kahawia, likakaa. Kabla mama yake hajageuka, Salome alikuwa amepita mlangoni na kukimbia kulifuata.

Hatua nne alikwenda salama. Ya tano ngozi ikapasuka.

Alizama mpaka kifuani. Alishangaa kwanza, kisha akapiga ukelele uliowasimamisha ng'ombe wote kwenye zizi. Paskalina alitupa pochi na kukimbia, watu wawili wakamshika kiunoni. Deusdedit, tai yake imepinda, alisimama ukingoni akipaza sauti: "Kamba! Leteni kamba!" Hakuna aliyejua kamba iko wapi. Kila mara Salome alipojitupa mbele kulifikia puto, alishuka kidogo. Sasa samadi ilikuwa imemfika kwapani.

Selestine hakukimbilia upande waliosimama watu. Alizunguka shimo mbio mpaka kona ya kushoto, ambako chini ya samadi kulikuwa na mteremko wa zege ambao mtu mwingine yeyote pale hakuujua ulipoanzia, akaingia kama anayeshuka ngazi ya nyumba yake. Magoti. Kiuno. Kalamu tatu zilizama moja baada ya nyingine.

"Salome. Nitazame mimi. Usipige miguu."

"Baba!"

"Tandaza mikono. Hivyo hivyo, kama ndege. Tulia. Baba anakuja hapo hapo."

Salome alitandaza mikono, akilia kimyakimya. Selestine alikwenda akipapasa kwa unyayo, samadi imefika kifuani, akamfikia, akapitisha mkono chini yake na kumng'oa. Sauti iliyotoka ilikuwa kubwa na ya aibu, na mtoto mmoja kwenye umati alicheka. Akambeba juu ya kichwa chake mpaka kwenye mteremko, akapanda, akamweka miguuni pa mama yake. Wote wawili walikuwa wa rangi moja kuanzia juu mpaka chini. Yalionekana macho tu.

Salome alipumua, akafuta mdomo kwa mkono ambao haukuwa safi kuliko mdomo, akasema, "Baba, na puto?"

Umati ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Na Mama Mwigulu, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka na kipaza sauti bado kiko wazi mkononi, alipaza sauti iliyosikika mpaka barabara kuu:

"Asante Mungu! Asante Selestine! Wageni wangu, mpigieni makofi huyu! Huyu ndiye mzoa mavi wetu! Miezi minane anafanya kazi ndani ya shimo hili, analijua kuliko anavyoijua nyumba yake!"

"Koti langu!" alilia Deusdedit.

Makofi yakakatika. Hapo Juliana, ambaye alikuwa ameapa kusaidia na hakuwa mtu wa kuvunja kiapo, alijongea na kupiga goti.

"Mkuu," alisema, "nikuletee maji?"

*

Waliwapeleka nyuma ya chumba cha maziwa, kwenye mpira wa maji wa kuoshea ng'ombe. Paskalina alimsugua Salome kwa sabuni ya kipande, akimgeuza kama sufuria. Selestine alikuwa amevua koti na shati, amebaki na fulana na suruali inayodondosha. Aliona aibu hata ya kujisogeza kwenye maji.

"Mama Hosiana."

Paskalina aliendelea kusugua.

"Niliogopa. Siku ile walikuwepo majirani, na mama, na mimi nilikuwa nimerudi mikono mitupu..."

"Kuna watu watatu," alisema Paskalina, "wamenipa barua za kuomba kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kwako! Ya kuajiriwa na wewe! Niliwaambia mume wangu ni msimamizi, akiamua jambo limeamuliwa. Mmoja ameambatisha cheti cha darasa la saba. Ziko kabatini chini ya vikombe, nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukupa." Alitupa sabuni chini. "Miezi minane! Unakwenda na shati limepigwa pasi, unarudi na shati limepigwa pasi! Ndimu mbili kila siku! Nilidhani una mwanamke!"

"Mwanamke?"

"Mwanaume gani anaoga na ndimu kwa sababu ya kusimamia?"

Selestine alimtazama, maji ya kahawia yanamtiririka puani. "Ng'ombe sitini na wawili," alisema. "Ndio wanawake wangu. Wengine wana pembe."

Paskalina alikaza midomo. Hakutaka kucheka, alikuwa amekasirika kweli, na hasira yake ilikuwa na haki. Lakini kicheko kilimtoka puani kwanza, halafu mabegani, mwisho akaketi chini kwenye maji na kilemba chake cha kijani, akacheka huku analia, na Salome mwenye povu akaanza kucheka kwa kumwona mama.

"Ukinidanganya tena," alisema Paskalina alipopata pumzi, "nakuacha humo humo shimoni. Mimi nilikubali mtu aliyerudi na tochi tu. Nilikupikia siku ile, sikukupikia?"

"Ulipika."

"Nilikuuliza chochote?"

"Hukuniuliza."

"Basi kwa nini unifanye mjinga mbele ya soko zima?"

Selestine alisema, "Nisamehe, Paskalina," kwa jina lake, jambo ambalo alilifanya mara chache sana, na Paskalina akachukua mpira wa maji na kumwelekezea usoni kwa nguvu zote. Akamwosha hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kikohozi kikasikika nyuma ya ukuta. Nyamizi alitokeza, akaona mkwewe yuko na fulana iliyolowa, akageuka papo hapo akawapa mgongo, uso wake umeelekea uzio.

"Nazungumza na uzio huu," alisema kwa sauti. "Mwenye masikio anaweza kusikiliza."

Selestine alijificha nyuma ya pipa. "Ndiyo, mama."

"Uzio, kuna mtu amenidanganya. Nimepanda basi kutoka Mhunze kuja kuona koti. Hilo nimelikataa. Nitanuna mpaka kesho baada ya chai."

"Ndiyo, mama."

"Pili, huyo mzoa mavi niliyetaka kumshukuru nimemwona. Amemtoa mjukuu wangu. Wabeja, baba. Wabeja sana." Akakohoa tena. "Tatu, nimezungumza na mwenye shamba. Nimemwambia, wewe mama, mtu anajua mtamba atazaa lini, anajua tumbo la kila ng'ombe, unampa sepetu peke yake? Amesema atazungumza naye Jumatatu. Hakuahidi kitu, nami sikumbembeleza. Na viroba vitano vya samadi nimeshapewa, vitakuja Mhunze, shamba langu la mahindi limechoka."

"Umepewa bure, mayu?" aliuliza Paskalina.

"Mjukuu wangu ameionja. Mwenye shamba aniuzie tena?"

*

Saa tisa tela la trekta liliwarudisha wageni barabarani. Selestine alikuwa amevaa ovaroli aliyoazimwa na Juliana, fupi, inaishia juu ya vifundo vya miguu. Walikuwa wameoshwa mara tatu, yeye na Salome, na mara tatu haikutosha. Tela lilipoanza kwenda na upepo kugeuka, watu waliokuwa karibu nao walianza kuvuta pumzi kwa kifupi, wakajibana, wakainuka mmoja mmoja wakihamia mbele kwa visingizio vya adabu: huyu anataka kivuli, yule anataka kumwona dereva.

Alibaki mwanamke mmoja mgeni, amevaa vizuri, aliyeziba pua kwa kona ya khanga.

"Samahani, dada," alimwambia Paskalina. "Huyu ni mumeo? Yule aliyemtoa mtoto? Anafanya kazi gani hasa pale shambani? Maana mwanzo niliona ana koti, halafu wakatangaza mengine."

Tela zima liligeuka kusikiliza. Selestine alitazama vidole vya miguu yake. Hosiana alimtazama mama yake.

"Anazoa mavi," alisema Paskalina, kwa ile sauti ya kuzungumza na Mhunze. "Ya ng'ombe sitini na wawili. Kila siku. Na sakafu uliiona mwenyewe."

"Niliiona," alikiri yule mwanamke, akasogea mbele naye.

Sasa nusu ya tela ilikuwa yao. Nyamizi, ambaye alikuwa bado amenuna kama alivyoahidi, alitazama lile benchi tupu lote, akainua miguu yake akainyoosha juu yake. Salome alijilaza kwenye benchi la pili. Hosiana alichukua la tatu peke yake, akakaa katikati kama malkia. Paskalina alisogea mpaka bega lake likagusana na la mume wake, akavuta pumzi ndefu, akakunja uso, na hakusogea.

"Mungu wangu," alisema, "unanuka."

"Najua."

"Kaa hivyo hivyo," alisema Paskalina. "Sijawahi kusafiri kwa nafasi kama hii."